Shule ya Ukedo, Namie: kiingilio yeni 300, na zinastahili

Wenzangu mlioko Japani, kama mna siku moja tu ya kwenda Fukushima, anzeni na mabaki ya Shule ya Msingi Ukedo, mjini Namie, iliyopigwa na tsunami ya 2011 na sasa ni makumbusho. Jumanne hufungwa. Shukeni stesheni ya Namie, laini ya Joban, mchukue teksi.

Bahari iko mita 300 hivi. Ghorofa ya chini imeachwa vilevile maji yalivyoiacha: jikoni vyombo vikubwa vya kupikia chakula cha wanafunzi vimepinduka, vyuma vimejikunja. Ukumbini sakafu imetitia, lakini juu ya jukwaa bango la mahafali bado linaning'inia. Hapo nilisimama sana.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilipiga saa 8:46 mchana. Walimu wakawatoa wanafunzi 82 waliokuwepo, wakawakimbiza hadi kilima cha Ohira, kama kilomita moja na nusu. Tsunami ilifika kabla saa nzima haijapita. Wote walipona.

Sasa pandeni juu mtazame kusini, kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, kilomita 6 hivi. Usiku ule wazimamoto walisikia sauti za watu kwenye vifusi hapa Ukedo, wakapanga kurudi kukicha. Lakini mtamboni nako maji yalishazima jenereta, vinu vikakosa umeme wa kuvipoza. Alfajiri ya tarehe 12 ikatoka amri: kila aliye ndani ya kilomita 10 aondoke. Msako ulirudi karibu mwezi baadaye. Hebu fikiria umemsikia mtu anaita, halafu unaambiwa panda gari uende.

Wengi wa Namie walikimbilia Tsushima, bara, kaskazini-magharibi. Mionzi iliyovuja mtamboni nayo ikaelekea hukohuko. Serikali ilikuwa na makadirio ya kompyuta ya mwelekeo wake, hayakuwafikia.

Mnaoogopa mionzi: mimi hukagua magari ya mtumba yanayopakiwa meli kwenda Mombasa na Dar, na baada ya 2011 kipimo cha mionzi kikawa sehemu ya kazi, kwa hiyo si mtu wa kwenda kichwakichwa. Eneo la shule liko wazi kwa wageni. Sehemu za milimani za Namie ndizo nyingine bado zimefungwa, msizurure huko.

Kwa habari ya tsunami, makumbusho haya hayana mpinzani. Habari ya nyuklia ni fupi mno kwa ladha yangu, kwa hiyo mkitoka nendeni makumbusho ya maafa pale Futaba, yeni 600. Kuna lile bango lililokuwa mjini likisifu nyuklia kuwa nishati ya kesho yenye nuru. Limehifadhiwa, na nashukuru hawakulitupa.

Shule naipa nyota tano. Watoto wa darasa la nne kwenda juu wapelekeni, kisha watembee kwa miguu mpaka Ohira. Viatu vizuri, na maji ya kunywa, maana njiani sikuona duka.