Home Alone sebuleni Moshi: nani aangalie, nani akalale

Desemba nyumba za Machame, Kibosho na Marangu hujaa wajukuu waliopanda kutoka Dar na kwingineko, na jioni mtu akichomeka flashi kwenye runinga, mara nyingi inayofunguka ni Home Alone ya mwaka 1990. Ni ya Krismasi, inachekesha, na Marekani iliwekwa daraja la PG, yaani mzazi aamue mwenyewe. Kuamua ndiko kugumu, maana sebule ya namna hiyo haina mtoto mmoja wa miaka minane. Ina kumi, na wa mwisho ana miaka mitatu.

Kisa ni cha familia kubwa ya Chicago inayokwenda Paris. Umeme unakatika usiku, saa za kuamshia zinazimika, wanaamka wamechelewa, na kwenye kuhesabu vichwa mtoto wa jirani anahesabiwa badala ya Kevin, mtoto wao wa miaka minane, anayebaki nyumbani peke yake. Aliyewahi kupakia watoto wa ukoo kwenye Noah kwenda misa ya asubuhi hatauliza hilo limewezekanaje.

Filamu ina dakika 103. Watu wazima hukumbuka tu mitego ambayo Kevin anawatega wezi wawili, Harry na Marv, lakini mitego haianzi mpaka saa moja na robo hivi ipite, na kinachowatisha wadogo kiko kabla ya hapo. Kwanza ni mzee Marley, jirani mwenye ndevu na koleo la theluji. Mapema kabisa kaka yake Kevin anasimulia kwamba mzee huyo aliua familia yake na kuhifadhi maiti kwenye chumvi. Ni uzushi, ila mtoto wa miaka minne hajui uzushi. Kisha lipo tanuri la kupasha nyumba joto, kule chini, linalofungua mdomo wa moto na kumwita Kevin kwa jina. Mtoto wa Moshi hajawahi kuona tanuri la namna hiyo; yeye anaona zimwi.

Sumu hiyo ina dawa yake ndani ya filamu: kanisani, usiku wa kuamkia Krismasi, Marley anakaa karibu na Kevin na tunamjua ni babu mpweke aliyekuja kumsikia mjukuu wake akiimba. Lakini ni baada ya saa nzima. Mtoto akisinzia katikati, au umeme ukikatika, anabaki na muuaji bila kumpata babu. Kwa hiyo anzeni saa kumi jioni, si saa tatu usiku, na msikatishe.

Mitego yenyewe imetengenezwa kwa ustadi, na ndiyo sababu inahitaji macho. Pasi inamwangukia Marv usoni. Marv huyohuyo anakanyaga msumari pekupeku. Harry anashika kitasa kilichopashwa moto hadi chekundu, halafu kichwa chake kinachomwa na moto wa gesi. Wote wanainuka. Kwa mtoto wa miaka minane kwenda juu hicho ndicho kichekesho: anajua pasi ingevunja uso. Wa miaka mitano anajifunza kwamba pasi haivunji kitu.

Hata hivyo, msihangaike na makopo ya rangi yanayobembea kwenye ngazi; nyumba nyingi za huku hazina ghorofa, na hakuna mtoto atakayeweza kuyafunga. Kinachoigwa ni kile rahisi. Kamba mlangoni. Fataki ndani ya sufuria. Bunduki ya upepo ya Kevin, ambayo kwa watoto wa huku ni manati, na risasi yake ya kwanza inampata Harry mahali ambapo kila mvulana atacheka. Vigari vya kuchezea ambavyo Kevin anavitandaza sakafuni vitageuka gololi kwenye vigae, na bibi wa miaka 80 akiteleza hainuki kama Marv. Kusanyeni gololi kabla ya filamu, na mtungi wa gesi uwe umefungwa.

Ngazi za barafu zinahitaji maelezo ya sekunde tano: Kevin amemwaga maji, nje ni baridi kama ndani ya friza, yakaganda. Bila hilo wadogo hawaelewi kwa nini watu wanaanguka hovyo.

Lugha ni ya ndugu wanaotukanana, na Kevin anamwambia mama yake hataki kumwona tena maisha yake yote. Bibi ataguna. Gazeti la picha za uchi linafunuliwa sekunde chache tu na kutupwa. Kali kuliko hayo ni karibu na mwisho, wezi wanapomtundika Kevin mlangoni na Harry kumtishia kumng'ata vidole kimoja kimoja. Hapo kaeni karibu na wadogo. Ikiwa nakala yenu ina msimulizi wa Kiswahili, sikilizeni dakika kumi kwanza, maana baadhi yao huongeza matusi ambayo filamu haina.

Chini ya miaka sita, hapana. Sita na saba, pamoja na mtu mzima mpaka mwisho. Nane na zaidi, waacheni wacheke.

Mkimaliza chomoeni flashi. Sehemu ya pili, ya 1992, huanza yenyewe kwenye runinga nyingi, na humo Kevin anamrushia Marv matofali kichwani kwa mkono wake mwenyewe, kutoka juu ya paa.