Kliniki ya wajawazito Moshi: hapa pombe inaongelewa waziwazi

Nampeleka wifi yangu hapa toka mimba ikiwa changa na nawapa nyota nne, ya tano nimeibania kwa sababu mabenchi hayatoshi, wamama wenye matumbo makubwa wanasimama foleni nzima, walirekebishe hilo jamani.

Kilichonikosha ni somo la asubuhi kabla ya vipimo. Nesi haishii kwenye bia, anataja mbege, wanzuki, gongo, mpaka waini ya sherehe, maana huku kwetu mtu ukimuuliza anakunywa pombe anakwambia hapana na mbege kanywa jana. Mama mmoja akasema kaambiwa bia nyeusi inaongeza damu, nesi wala hakumgombeza, akamwambia damu tafuta kwenye vidonge tunavyokupa, maharage, dagaa na mboga za majani, alafu akaeleza kwamba pombe inapita kwenye kondo inamfikia mtoto na ini lake bado changa haliwezi kuiondoa kama la mama. Na ubongo unajengwa miezi yote, ndo maana hakuna kiasi salama wala mwezi salama.

Watoto walioumizwa na pombe tumboni, wengine wanazaliwa na kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba, kamfereji ka chini ya pua hakaonekani, lakini wengi sura iko kawaida kabisa, shida inakuja kuonekana shule, hesabu hazishiki, ukimtuma anasahau njiani, hatulii, anachapwa kila siku kwa utundu kumbe aliumia tumboni, na haiponi yani anazeeka nayo. Hapo niliumia sana, watoto wa hivi mtaani tunawaita wajinga. Na siyo kitu kipya, madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina la fetal alcohol syndrome 1973, na Afrika Kusini kwenye mashamba ya zabibu ya Western Cape, ambako zamani vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa waini, watoto hawa ni wengi mno.

Aliyekunywa kabla hajajua ana mimba wanamwambia aache leo, inasaidia. Ila aliyezoea mpaka asipokunywa anatetemeka, asiache ghafla mwenyewe, wanampeleka kwa daktari pembeni, hakuna anayesikia.

Ombi langu, kina baba nao waingizwe kwenye somo wasiachwe nje na simu, maana nyumbani wanaonunua na kumimina mara nyingi ni wao. Na wahini mapema, ukichelewa somo hawarudii.