Kozi ya Kivalyria cha Juu kwenye Duolingo: maoni ya mwalimu wa Kiswahili

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, Tanga, na ngeli ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Naanza na hilo ili msomaji ajue kwa nini nimemaliza miezi mitatu kwenye kozi ya lugha ambayo hakuna kijiji kinachoizungumza.

Binti wa kaka yangu alikuja likizo na tamthilia zake kwenye kompyuta. Jioni moja nilikuwa nachambua mchele, nikasikia mwanamke anasema maneno ambayo sikuyajua, lakini kila irabu ilinifikia safi, a ni a, e ni e, kama mtu wa Pangani anayezungumza bila haraka. Nikaweka ungo chini. "Hiyo lugha gani?" Akasema, "Shangazi, hiyo imetungwa tu, ya watu wenye majoka." Nikamwambia arudishe nyuma nisikie tena.

Tamthilia ni Game of Thrones, na kipande kile ni cha mwaka 2013. Muuza watumwa amekuwa akimtukana binti mfalme mbele yake kwa lugha anayodhani binti haijui, halafu binti anamjibu kwa lugha hiyohiyo: *Valyrio muño ēngos ñuhys issa*, yaani Kivalyria ndicho lugha ya mama yangu. Aliyeitunga ni Mmarekani, David J. Peterson. Mwandishi wa riwaya, George R. R. Martin, alikuwa ameacha maneno machache tu, yakiwemo *valar morghulis* na *valar dohaeris*. Peterson akajenga sarufi nzima ambayo ndani yake maneno yale mawili yanakaa bila kulazimishwa. Kozi ya Duolingo, programu ya simu ya kujifunzia lugha, ameiandika yeye mwenyewe, ikatoka 2017, mwaka uleule Duolingo walipotoa kozi ya Kiswahili. Ni bure, matangazo ukiyavumilia.

Nianze na sauti, maana hapa Mswahili anaingia akiwa na mtaji. *Ñ* yao ni ny yetu, basi. *Riña*, msichana, linatamkwa rinya. *Gh* ya *morghūlis* ni ile ya ghali na lugha, kama tunavyoitoa huku pwani, siyo ga. Irabu ndefu wanaitia mstari juu, sisi tunaiandika mara mbili: *hūra*, mwezi, ningeliandika huura, na urefu wake ni ule wa juu na choo. Iliyonisumbua ni moja tu, *y*, ambayo kwao ni irabu. Weka ulimi kama unasema i, kisha kunja midomo kama unayepuliza kibatari. Salamu yao ya kwanza, *rytsas*, niliisema ndani ya daladala ya Pongwe asubuhi nyingi, polepole, spika za masikio zikiwa masikioni, mpaka ikakaa.

Sasa sarufi. Majina yao yamegawanywa makundi manne, na kila kundi lina jina lake linaloliwakilisha: *hūra*, mwezi, *vēzos*, jua, *tegon*, ardhi, *embar*, bahari. Kwa Kiingereza wanayaita jinsia. Mimi naona ni ngeli, na nitalitetea hilo mbele ya yeyote. Sisi tunatazama mwanzo wa neno, wao wanatazama mwisho: irabu mara nyingi ni ngeli ya mwezi, s ni ya jua, n ni ya ardhi, r ni ya bahari. Maji ni *iēdar*, damu ni *ānogar*, bahari ni *embar*. Vimiminika vinakaa pamoja! Nilipoliona hilo nilikumbuka maji, maziwa, mafuta, mate, machozi, yote na ma- yake mbele, na nimekuwa nikiyaandika ubaoni miaka yote hiyo bila kuwauliza wanafunzi kwa nini yamekusanyika.

Na upatanisho upo. Neno la rangi ya kijani na buluu, kwao ni moja, linabadilika kufuata jina: *kasta* kwa mwezi, *kastys* kwa jua, *kaston* kwa ardhi, *kastor* kwa bahari. Mzuri, kizuri, zuri, nzuri. Rudi kwenye ile sentensi ya binti mfalme: *ēngos* ni ulimi, la ngeli ya jua, kwa hiyo "wangu" inakuwa *ñuhys*, na ile -ys ya *kastys* unaiona palepale. Na "ulimi" ndiyo "lugha". *Muña* ni mama, *muño* ni "ya mama". Kitenzi kinasubiri mwisho.

Lakini kilichonifanya niandike ni *valar morghūlis*. Tafsiri ya Kiingereza inasema watu wote lazima wafe, na kozi inafuata njia hiyo. Tazama kilichomo. *Vala* ni mwanamume mmoja, *vali* ni wanaume, *valun* ni wanaume wachache, *valar* ni wanaume wote kwa ujumla wao. Idadi nne. Hiyo ya mwisho inachukua kitenzi cha umoja, kama "kila mtu" yetu. Wakati mwingine inazaa neno jipya kabisa: *azantys* ni askari, *azantyr* ni jeshi. Kisha kitenzi. *Morghūlis* kiko katika njeo ya mambo ya siku zote, yasiyo ya leo wala jana. Sisi tunayo. Ni hu-. Kila mtu hufa. Na *valar dohaeris*, kila mtu hutumikia. Hamna "lazima" ndani yake, kama isivyokuwamo katika "jua huchomoza mashariki". Neno la Kiingereza limetia amri mahali ambapo mtungaji ameweka desturi ya dunia, na Mswahili anaweza kuisoma ile sentensi kwa karibu kuliko wanaofundishwa kozi hii kwa Kiingereza.

Nilimwita yule binti, nikamwandikia nyuma ya kalenda ya jikoni: *valar morghūlis*, na chini yake, kila mtu hufa. Akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe hu- ina kazi." Ana "B" ya Kiswahili, na hu- aliijua kwa ajili ya mtihani tu.

Kukanusha nako ni kuzuri. *Issa* ni "ni". Ukitaka kukataa, huweki tu *daor*, yaani "siyo", mwishoni. Kitenzi chenyewe kinageuka: *Zaldrīzes buzdari iksos daor*, joka si mtumwa. *Issa* imekuwa *iksos*. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa kwa nini anapenda inakuwa hapendi, na ile a ya mwisho imekwenda wapi. Hapa ndipo nilipouonja mshangao wake, na tangu hapo naufundisha ukanushi kwa subira zaidi.

Upungufu wa kozi nautaja kama ulivyo. Inafundishwa kwa Kiingereza tu. Ni fupi, na viambishi vya uhusika, yaani miisho inayoonyesha kazi ya jina katika sentensi (lugha hii ina aina nane za uhusika), unavipata kwa kurudiarudia sentensi kuliko kwa kuelezwa, kwa hiyo andaa daftari uchore majedwali yako mwenyewe. Kwa mtu aliyezoea kuchambua sentensi, hiyo ni kazi ya raha. Kwa anayetaka kuigiza mazungumzo ya majoka tu, atachoka mapema.

Peterson huyo ndiye aliyetunga pia Kidothraki cha tamthilia hiyohiyo, na HBO, wenye tamthilia, walipokitangaza walikitaja Kiswahili kati ya lugha zilizompa mawazo, pamoja na Kirusi, Kituruki, Kiestonia na Kiinuktitut. Sikushangaa. Nilifurahi tu kwamba kuna mtu alikaa na lugha yetu, akaiona ni ya kujifunzia namna lugha inavyojengwa.

Kozi naipa nyota nne. Walimu wenzangu wa Kiswahili, hasa wa Kidato cha Pili na cha Tatu, ijaribuni wiki mbili. Kibodi ya simu ukiibonyeza a bila kuachia, ā inatokea. Ȳ kwangu haikutokea, nikawa naandika y tupu na kozi ikapokea. Muhula ukifunguliwa nitaandika *hūra, vēzos, tegon, embar* ubaoni kabla ya KI-VI, nione kama wanafunzi watazitofautisha ngeli hizo kwa mwisho wa neno bila kuambiwa.