Uzoefu wangu: maonyesho ya Soul of a Nation

Kama kuna maonyesho ya sanaa ambayo ningelipa kiingilio kuyaona tena hata kesho, ni Soul of a Nation. Niliyaona kwenye makumbusho ya Tate Modern, London, mwaka 2017, yalikoanzia. Baadaye yalivuka kwenda Marekani: Bentonville kule Arkansas, Brooklyn, Los Angeles, San Francisco, na Houston mwaka 2020. Ni kazi zaidi ya 150 za wasanii zaidi ya 60, za kipindi cha 1963 hadi 1983, wakati Wamarekani weusi wako barabarani wakidai haki na wasanii wao wanabanwa na swali moja: uchore nini watu wako wanapouawa?

Waandaaji, Mark Godfrey na Zoé Whitley, hawakuwajibia wasanii. Waliwaacha wabishane wenyewe, chumba kwa chumba, na huo ndio utamu wake.

Unaanza na Spiral, kundi la wasanii weusi la New York, ambalo mwaka 1965 lilifanya maonyesho ya kazi za rangi nyeusi na nyeupe tu. Hapo kuna America the Beautiful ya Norman Lewis. Kwa mbali ni vipande vyeupe vimetawanyika kwenye weusi mtupu. Sogea. Vile vipande vina ncha: ni kofia za Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi waliotesa na kuua weusi, na kati yake misalaba. Nilirudi nyuma nikitaka vigeuke tena kuwa vipande vya kawaida. Wapi!

AfriCOBRA, kundi la wasanii weusi la Chicago, hawafichi kitu. Wadsworth Jarrell amemjenga mwanaharakati Angela Davis kwa herufi na rangi zinazowaka, mtu wa mtaani aelewe papo hapo. Emory Douglas naye alichorea gazeti la chama cha Black Panther cha weusi wapigania haki, lililouzwa senti 25, ili sanaa imfikie hata asiyekanyaga makumbusho. Picha za kamera za Roy DeCarava na wenzake wa Kamoinge, kundi la wapiga picha weusi la Harlem, New York, lenye jina la Kikuyu, zinataka utulie mpaka macho yalizoee giza lake. Na usipite Black Unity, sanamu ya mti ya Elizabeth Catlett, bila kuizunguka: upande mmoja wa ule mwerezi ni ngumi, upande wa pili nyuso mbili zilizotulia.

Muhammad Ali, bondia, aliyechorwa na Andy Warhol alikuwepo pia, ila hakunigusa. Barkley Hendricks, aliyejichora na fulana ya Superman, miwani ya jua, mikono imekunjwa na kiunoni kwenda chini hana kitu, alinikodolea kwa jeuri ambayo Ali yule hakuwa nayo.

Kazi iliyonishika kuliko zote ni Homage to Malcolm ya Jack Whitten, ya 1970. Turubai la pembetatu, jeusi karibu lote. Hakuna sura ya Malcolm X, hakuna bunduki, hakuna neno. Rangi imeburutwa kwa chanuo, lile lile la nywele zetu, na ukisimama pembeni unaona njia za meno yake. Wapo waliosema sanaa ya namna hii inakimbia mapambano. Sikubaliani nao hata kidogo. Whitten amemlilia Malcolm kwa kifaa kinachokaa kwenye nyumba ya kila mtu mweusi, na sijaona maombolezo mazito kuliko hayo kwenye ukuta wowote.

Maonyesho yamekwisha, lakini katalogi ipo na maelezo yake yanatosha kukufundisha mengi. Kazi nazo zina makazi. Black Unity ni ya makumbusho ya Crystal Bridges, Bentonville, na April 4 ya Sam Gilliam, turubai kubwa lililoloweshwa rangi na kubeba tarehe aliyouawa Martin Luther King, ni ya Smithsonian American Art Museum, Washington. Kote kuwili mkusanyo wa kudumu huonwa bure. Uliza kwanza kama unachokitaka kiko ukutani, maana makumbusho hubadilisha kazi mara kwa mara.