Lexus LC 500: Gari la Maonyesho Lililofika Barabarani na Sura Yake

Gari la maonyesho halidaiwi chochote. Haligongeshwi ukutani kupimwa usalama, halishindi juani wala mvuani, halibebi mizigo ya mtu, na mara nyingi halina uwezo wa kusafiri mbali. Kazi yake ni kupanda jukwaani na kupigwa picha. Kwa hiyo, ninapolitathmini gari la spoti lililoanzia jukwaani, kabla ya kuuliza kasi yake huuliza kwanza ni nini kilichopotea njiani na kwa sababu gani. Kwa kipimo hicho, LC 500 la Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota, ni miongoni mwa magari machache yanayostahili alama za juu, ingawa si alama zote.

Mchoro wa awali, LF-LC, ulitoka studio ya Calty iliyoko California, na gari lenyewe likaoneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Marekani, Januari 2012. Miaka minne baadaye, katika maonyesho hayohayo, Lexus ikazindua LC 500, na mauzo yakaanza mwaka 2017. Ukiyatazama magari hayo mawili kwa pamoja, utaona kwamba boneti ndefu iliyolala, mabega yaliyovimba juu ya magurudumu ya nyuma na paa linaloonekana kama halikushikiliwa na kitu vyote vimevuka salama. Ni jambo adimu, kwa maana kwa kawaida boneti ndiyo huwa ya kwanza kuharibika. Kanuni za kumlinda mtembea kwa miguu zinadai pawe na nafasi kati ya bati la boneti na vyuma vya injini, ili kichwa cha aliyegongwa kiangukie juu ya kitu kinachobonyea. Chini ya boneti hiyohiyo, injini na sasupensheni (springi, shokomzoba na mikono inayoshika magurudumu) navyo vinadai kimo chao. Mchoraji huanza na boneti ya kisu, na kiwanda humrudishia boneti ya mkate.

Wahandisi wa LC, wakiongozwa na Koji Sato, ambaye mwaka 2023 alikuja kuwa rais wa Toyota, waliliendea tatizo hilo kutoka chini. Injini ya V8 ya lita 5 ilishushwa na kusogezwa nyuma, nayo sasupensheni ya mbele ikabuniwa upya, mikono yake ya juu na ya chini ikipewa bolijointi (viungo vya mpira vinavyozunguka) mbili kila upande, mpangilio ulioruhusu boneti kukaa chini hata gari likiwa limevaa rimu za inchi 20 au 21. Taa za mbele nazo zilitengenezewa vifaa vyembamba vya LED, vitatu vidogo vikiwa vimepangwa pamoja, kwa sababu taa za kawaida zingelazimisha pua irefuke mbele ya magurudumu. Kwa maneno mengine, mchoro haukupunguzwa ili uenee kwenye vyuma vilivyopo. Vyuma ndivyo vilivyofinyangwa kuufuata mchoro, na hilo hugharimu fedha na muda ambao kampuni nyingi hazikubali kuutoa.

Ukisogea karibu, uaminifu huo unaendelea hadi kwenye vitu vidogo. Vishikio vya milango vimelala sawa na bati, na hujitokeza pale tu mlango unapofunguliwa kufuli. Taa za nyuma zimetumia vioo kwa namna ambayo mstari mmoja wa mwanga unaonekana kujirudia mara nyingi ukizama ndani, kana kwamba bampa lina kina cha kisima.

Hata hivyo, kuna aliyelipa. Paa limeinuliwa kuliko la LF-LC ili watu waingie bila kupinda shingo, na bado viti vya nyuma vinafaa zaidi kuwekea koti kuliko kukaliwa na mtu mzima. Buti ni dogo mno kwa gari lenye urefu wa karibu mita 4.8, na uzito unapita kilo 1,900, jambo ambalo nguvu farasi 471 haziwezi kulificha kabisa kwenye kona kali.

Ndugu yake wa ukoo, Toyota Supra ya 2019, anaonesha njia nyingine. Lilizaliwa kutokana na gari la maonyesho FT-1 la Detroit 2014, lakini likajengwa kwa msingi mmoja na BMW Z4, lenye milimita 2,470 tu kati ya ekseli. Mikunjo ya gari kubwa ikabanwa kwenye mwili mfupi, na matundu kadhaa ya hewa, yakiwemo ya milangoni, yakabaki mapambo yaliyozibwa kwa plastiki nyeusi. Mimi ninaona hilo ni kosa kubwa kuliko kuondoa matundu hayo kabisa. Audi TT nalo lilitoka mwaka 1998 likifanana mno na mchoro wa 1995, likiwa limeongezewa kioo kidogo cha pembeni nyuma ya mlango, na wengi wanakubali kwamba kioo hicho kililipendezesha. Lakini mgongo wake laini haukuwa na kitu cha kuukandamiza kwenye mwendo mkali, na baada ya ajali kadhaa Audi ililazimika kuongeza spoila (bawa dogo la nyuma) na kurekebisha sasupensheni.

Mahali ambapo LC liliteleza kweli ni ndani. LF-LC lilikuwa na skrini mbili za inchi 12.3 na vidhibiti vya kugusa; gari lililouzwa likaja na skrini ya inchi 10.3 inayoendeshwa kwa kibao kidogo cha kupapasia kando ya kiti, ambacho kinamtaka dereva aondoe macho barabarani ili kubadilisha jambo dogo. Skrini ya kugusa ya inchi 12.3 ilifika kwenye toleo la 2024, kwa hiyo anayetafuta LC lililotumika afadhali aanzie hapo.