TAHADHARI: Umeme ukikatika na kompyuta ikagoma, usimwachie fundi diski yako ya zamani

Ninaandika tahadhari hii kwa wenye steshenari, walimu, makatibu wa vikundi na kila anayetunza kazi za watu kwenye kompyuta isiyo na UPS, yaani kifaa cha kuishikilia kwa betri umeme unapokatika. Hapa Morogoro kuna duka linalotengeneza na kuuza kompyuta ambalo liliniambia diski yangu imekufa ilhali ni nzima, likaniuzia diski iliyokwisha kutumika kwa bei ya mpya, kisha likabaki na ile ya kwangu. Wateja wengine wawili niliozungumza nao walipitia njia hiyo hiyo, nao pia walikwenda hapo baada ya umeme kukatika. Jina la duka silitaji kwa sasa kwa sababu lalamiko langu bado halijaamuliwa, ila namna wanavyofanya nitaieleza yote ili mwingine aitambue akikutana nayo, hapa au mji mwingine.

Jioni moja, nikiwa kwenye steshenari yangu, umeme ulikatika mara tatu ndani ya robo saa, na mara ya tatu ulirudi kwa nguvu hadi balbu moja ya dukani ikaungua. Nilikuwa katikati ya kuhifadhi mitihani ya shule moja ya sekondari. Kompyuta ilipowaka iliandika kwamba inakagua na kurekebisha diski, ikafika asilimia 11 na kukwama hapo kwa zaidi ya saa nzima. Nikaizima kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo sasa najua sikupaswa kulifanya, na nilipoiwasha tena ikadai haioni diski ya kuanzia.

Asubuhi niliipeleka kwenye duka hilo la kompyuta, na fundi aliichomoa diski, akaiunganisha kwenye mashine yake kwa muda usiozidi dakika mbili, akaisogeza sikioni, akasema: “Mama, hii imekufa, mota imeungua. Mpya ni laki moja na thelathini, na kurudisha data ni laki mbili kwa sababu lazima tuifungue.” Mitihani ilikuwa inahitajika keshokutwa yake, kwa hiyo nililipa. Nilikwenda kunywa chai ng’ambo ya barabara, na baada ya dakika arobaini akanipigia simu kwamba kila kitu kimerudi, hata folda za mwaka 2019. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilipoulizia diski ya zamani alinijibu, “Niachie tu mama, nitakutupia, hiyo ni takataka.” Nami nikamwachia.

Usiku ndipo jambo lilipoanza kunikaa vibaya. Diski ambayo mota yake imeungua haizunguki, na isiyozunguka haisomeki kabisa. Kuifungua ili kuhamisha sahani zake ni kazi ya chumba maalumu kisicho na vumbi, wala haiwezekani kufanyika kwa dakika arobaini juu ya meza yenye feni inayopuliza. Kama faili zangu zote zilisomeka kwa muda huo, basi diski ilikuwa inazunguka na kusoma vizuri tangu mwanzo, na ile laki mbili nililipia kazi ya kunakili tu.

Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, alikuja siku iliyofuata akafungua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Diski “mpya” ilikuwa imefanya kazi saa 19,412, yaani zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mchana na usiku, na ilikwishawashwa mara 2,306. Tukaitoa. Matundu ya skrubu yalikuwa na mikwaruzo, na vipande vya shaba vya kuunganishia waya vilikuwa na mistari ya kuchomekwa na kuchomolewa. Lebo ilikuwa safi mno, lakini pembe yake moja ilinyanyuka kwa ukucha, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine iliyofifia. Namba ya siriali iliyokuwa kwenye ile ya chini ndiyo ambayo kompyuta ilikuwa inaisoma, ilhali ya juu ilikuwa namba ya diski nyingine kabisa.

Tuliporudi dukani walikana kwanza, wakasema yangu imeshatupwa. Siku ya pili, mdogo wangu alipotaja kwamba tutakwenda na karatasi za ushahidi, waliitoa kwenye droo. Ilikuwa imefutwa kwa spiriti na kuwekwa ndani ya mfuko wa rangi ya fedha wa kuzuia umemetuli, tayari kwa mnunuzi anayefuata. Niliitambua kwa sababu mwaka nilioanzisha steshenari niliandika “STESHENARI 2” ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na herufi za mwisho zilikuwa bado hazijafutika. Faili za wateja wangu zote zilikuwa bado ndani.

Ugonjwa wa diski ile ulikuwa mdogo sana. Tulianza kwa kunakili kila kitu kwenda diski nyingine, ndipo tukaipima: sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizotiliwa shaka zilikuwa 8, na zilizokwisha kubadilishwa kwa sababu ya ubovu zilikuwa 0. Namba hiyo 8 ina maana yake. Diski nyingi za siku hizi huandika kwa vipande vya baiti 4,096, lakini huvihesabu kama sekta 8 za baiti 512, kwa hiyo sekta 8 ni kipande kimoja tu ambacho umeme ulikatika kikiwa kinaandikwa. Maandishi yalibaki nusu, hesabu ya uhakiki, ambayo diski huitumia kujua kama maandishi ni kamili, haikulingana, na kila kompyuta ilipojaribu kukisoma ilikwama. Tulipoiandika upya diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, idadi ilirudi 0, na tangu hapo haijapanda.

Ndiyo maana nasema neno “imekufa” lisipokewe haraka baada ya umeme kukatika. Diski za kuzunguka zimeundwa ili umeme ukiondoka ghafla, vichwa vya kusomea virudi mahali pake kwa nguvu ya mzunguko uliobaki. Kinachoharibika mara nyingi ni maandishi yaliyokuwa njiani, pamoja na orodha inayoiambia Windows kila faili lilipo. Wakati mwingine tatizo haliko hata kwenye diski: waya wa data umelegea, au betri ndogo ya ubao mkuu imeisha na umeme ulipokatika mipangilio ya BIOS (programu ndogo inayoiwasha kompyuta) ikajirudisha ya kiwandani, ikawa kompyuta haijui tena ianzie wapi. Hayo fundi mwaminifu huyaona ndani ya dakika kumi. Umeme unaorudi kwa kishindo unaweza kweli kuunguza bodi ya diski, lakini hapo diski haizunguki na haionekani popote, na fundi anapaswa kukuonyesha hivyo mbele ya macho yako. Ikiwa inagonga kwa mlio wa kurudiarudia, izime mara moja wala usikubali mtu yeyote aendelee kuiwasha kwa majaribio.

Na tafadhali, kabla ya mtu kuendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, au kufomati, data zinakiliwe kwanza. Programu ile hurekebisha orodha ya faili hata kwa kukata vipande isivyovielewa, na nimeona mitihani ya watu ikigeuka kuwa FILE0000.CHK ndani ya folda iitwayo found.000.

Msidhani kwamba idadi ya saa peke yake inatosha kuwalinda, maana inaweza kufutwa. Januari 2025 tovuti ya habari ya Ujerumani, heise online, iliripoti kuhusu diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali nyingi zilikuwa zimetumika kati ya saa 15,000 na 50,000. Kumbukumbu ya kawaida ilionyesha sifuri, na kilichofichua ukweli ni kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, ambayo programu ya smartctl huisoma. Kwa hiyo angalieni saa, angalieni matundu ya skrubu, na linganisheni namba ya siriali iliyo kwenye lebo na ile inayosomwa na kompyuta, yote haya mkiwa bado dukani na fedha zikiwa mfukoni. Risiti niliyopewa mimi iliandikwa kwa mkono, bila namba ya siriali na bila neno “mpya”, na hilo limenisumbua sana katika lalamiko langu kwa Tume ya Ushindani. Daini risiti ya mashine ya EFD, na namba ya siriali iandikwe.

Kinachoniuma kuliko fedha ni kwamba ndani ya diski ile kulikuwa na vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya NIDA, barua za maombi ya kazi na mikataba ya viwanja ya watu walioniamini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mimi ninayehifadhi taarifa hizo nina wajibu wa kuzilinda, na diski ile ilikuwa inakwenda kuuzwa kwa mtu nisiyemjua.

Ikiwa umewahi kuacha diski yako kwa fundi yeyote akuambie ataitupa, nenda ukaidai wiki hii. Nenda na mtu wa kukushuhudia, taja namba ya siriali kama unayo kwenye boksi la kompyuta au kwenye picha za zamani, na usiondoke na diski ambayo hujaiona ikiwashwa.