Inari: Uende Fushimi au Toyokawa?

Wanaokwenda Japani kumwona Inari, mungu wa mpunga na biashara, hubishana kila mara: waende hekalu la Fushimi, la dini ya Shinto (dini ya jadi ya Japani), lililoko Kyoto, au lile la Toyokawa katika mkoa wa Aichi?

Kwa gharama hakuna tofauti, kote huingii kwa kiingilio. Kwa usafiri Fushimi inashinda, maana treni kutoka stesheni ya Kyoto ni dakika tano tu, na mlima wa hekalu uko wazi usiku na mchana. Nenda alfajiri, kabla umati haujafika. Pita chini ya malango mekundu yaliyotolewa na waumini, kisha geuka: upande wa nyuma wa nguzo utaona jina la aliyetoa lango na tarehe. Ni mbao, zinaoza miguuni, na hubadilishwa kila mara. Kusimamisha lango hugharimu kuanzia laki kadhaa za yeni.

Toyokawa ni jambo jingine. Ni hekalu la Kibuddha la Zen, tawi la Ubuddha, lililoanzishwa 1441, na anayeabudiwa ni Dakiniten, mungu wa Kibuddha aliyeunganishwa na Inari. Hapa hupigi makofi mawili kama Fushimi. Unaunganisha viganja kimya. Mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari, wapatao elfu moja wamejipanga chini ya miti, shingoni vitambaa vyekundu. Utulivu wake mimi naupenda mno.

Mwenye siku moja tu Kyoto, aende Fushimi. Anayetaka kuona Shinto na Ubuddha vilivyoishi pamoja, apande treni hadi Toyokawa.